Ratiba Mbili za Kufungua Shule

Kwa miaka kumi na mbili hakuna kipindi kilichoanza wala kwisha katika shule ile bila yeye kukipangia dakika zake. Ndiyo maana walimu, wanafunzi, wapishi na hata mlinzi wa getini walimwita Bwana Ratiba, na jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye vyeti. Jiografia alifundisha, ndiyo, lakini kwa moyo wa mtu anayepita njia. Kazi aliyoipenda ni ile ya mwanzo wa muhula: kutandaza karatasi ya manila kwenye meza ndefu ya chumba cha walimu, kuchonga penseli, kuvuta mistari kwa rula ya chuma, kupaka kila somo rangi yake, na kuwakaripia wenzake wasimmwagie chai. Siku hizo hata Mwalimu Mkuu alipita nyuma yake kwa kunyata.

Kisha ukaja ule ugonjwa, shule zikafungwa, kengele ikanyamaza miezi saba. Barua ya kuruhusu kufungua ilipofika, ilikuja na masharti ya kumchosha msomaji. Kila shule iandike mpango wake: wanafunzi waje kwa zamu mbili, wakae mbalimbali, wasikusanyike uwanjani. Ijumaa mkaguzi angekuja kutazama majaribio. Shule ambayo ingemridhisha ingefunguliwa Jumatatu. Ambayo ingeshindwa ingesubiri mwezi mzima. Na darasa la saba walikuwa na mtihani wa mwisho baada ya wiki tisa.

Bwana Ratiba aliisoma barua ile kwa furaha ambayo hakuthubutu kumwonyesha mtu, maana watu walikuwa wanaugua. Zamu mbili! Karatasi mbili za manila! Siku ya kikao alifika wa kwanza, amenyoa ndevu ambazo barakoa ingezificha hata hivyo, na rula yake imo mkobani.

Mwalimu Mkuu, mama mnene wa sauti ndogo, hakupindisha maneno. "Mpango huu nampa mwalimu wa darasa la kwanza. Miezi saba yote amekuwa akiwapigia wazazi simu, mmoja mmoja, kuwauliza watoto wanasoma nini. Hakuna anayewajua kama yeye. Sisi wengine tumsaidie."

Walimu wakapiga makofi. Bwana Ratiba naye akapiga, mara mbili, kama mtu anayeua mbu. Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa mkewe.

Hapo ndipo palipokuwa na taabu. Angenyang'anywa kazi na mtu baki, angejua la kufanya: angenuna kutwa, jioni angerudi nyumbani kumsimulia mkewe, na mkewe angemsema huyo mtu mpaka roho itulie. Sasa amsimulie nani? Donge likamkaa, akalala nalo, akaamka nalo. Wivu hakuutaja kwa jina. Aliuita kushangaa. "Mimi nashangaa tu," alikuwa akijiambia mbele ya kioo akipiga mswaki. "Mtu anayefundisha watoto kuhesabu vijiti leo ndiye wa kupanga shule nzima. Nashangaa tu."

Wala mkewe hakumsaidia kwa kuwa na furaha. Mama wa watu alikuwa anaimba. Alipiga pasi akiimba, alitafuta viatu akiimba, na meza ya chakula ikajaa karatasi mpaka Bwana Ratiba akawa anakula sahani iko mapajani. Simu ililia kutwa. "Samahani, ni mzazi," alisema kila mara, akitoka nayo nje, na huko nje alicheka. Miaka ishirini na mitatu ya ndoa, na yeye Bwana Ratiba hakukumbuka ni lini alimchekesha hivyo.

Kama hilo halikutosha, wakaletewa Bwana Afya. Huyu alikuwa ofisa wa kituo cha afya aliyetumwa kusaidia kupima nafasi za madawati, kijana wa miaka thelathini hivi, mrefu, suruali imenyooshwa ikanyooka. Jumatatu Bwana Ratiba alichungulia dirishani akawaona wawili hao darasani, huyu kashika ncha moja ya futi ya utepe, yule kashika nyingine. "Mita moja na nusu, Mwalimu!" "Ongeza kidogo, hawa wangu wana mikono mirefu!" Wakacheka. Barakoa zilifunika midomo, lakini macho ya mkewe yalikuwa yamejikunja pembeni, na macho yale aliyajua. Alisimama pale dirishani akiona kijicho mpaka mlinzi alipomwuliza kama amepoteza kitu.

"Huyo bwana anajua kazi yake?" aliuliza jioni ile, kama hataki jibu.

"Sana. Na ana utu. Amesema hajaona mwalimu anayepanga vitu kama mimi."

"Ahaa," akasema Bwana Ratiba. Supu ikamshinda.

Jumatano alasiri mkewe aliumaliza mpango. Akafuta meza, akautandaza mbele yake, akakaa kiti cha pembeni mikono imebanwa magotini, kama mwanafunzi anayesubiri kusahihishiwa.

"Baba, niangalie hii. Wewe ndiye fundi. Kama kuna mahali nimekosea, niambie leo, nina siku moja ya kurekebisha."

Karatasi ilikuwa na mistari ya kupinda, imechorwa kwa ukingo wa daftari. Hilo lilimfurahisha. Akaanza kusoma kwa kidole. Darasa la kwanza mpaka la nne waje asubuhi, watoke saa tano na nusu. Madarasa yafanyiwe usafi. La tano mpaka la saba waje saa saba, watoke saa kumi na moja. Vituo vya kunawia mikono, sita. Milango ya kuingilia, miwili. Vipindi vimekaa vizuri, walimu hawagongani. Ulikuwa mpango mzuri. Roho ikamuuma jinsi ulivyokuwa mzuri.

Kisha kidole kikasimama.

Miaka tisa nyuma, mkewe akiwa bado anafundisha kwingine, upepo uling'oa paa la jengo la juu, na shule ikaenda kwa zamu mbili muhula mzima. Waligawa vivyo hivyo, wadogo asubuhi, wakubwa mchana, na siku ya kwanza tu uwanja ulijaa watoto kutwa nzima. Maana watoto wa shule ile hawatembei kimadarasa. Wanatembea kinyumba. Mdogo wa darasa la kwanza haji peke yake mwendo wa saa nzima. Analetwa na dada yake wa darasa la saba. Dada akishamleta hawezi kurudi nyumbani kisha aje tena, basi anakaa. Mchana dada akiingia darasani, mdogo naye hana wa kumrudisha, basi anakaa. Bwana Ratiba ndiye aliyepata dawa mwaka ule: akagawa shule kwa nyumba. Nyumba za upande wa mtoni zikaja asubuhi, watoto wote wa nyumba moja pamoja, wa upande wa reli wakaja mchana, na kila darasa likabaki nusu. Tangu hapo aliweka daftari la nyumba zote, nani ndugu ya nani, na kila mwaka aliongeza wapya. Hakuna aliyejua bado analo.

"Wadogo watarudije nyumbani?" aliuliza polepole.

"Wazazi watakuja kuwachukua. Nimewauliza wote kwenye simu, wamekubali."

Wazazi kwenye simu hukubali kila kitu. Hilo hata mtoto wa darasa la pili analijua. Neno lilimfika ulimini. Lilikuwa neno moja fupi tu, na mkewe angekosa usingizi usiku mmoja, angerekebisha, na Ijumaa mkaguzi angempa mkono, na Bwana Afya angesema hajaona mwalimu kama huyu. Macho ya mkewe yalikuwa usoni pake, yakingoja.

"Iko sawa," akasema Bwana Ratiba.

"Kweli?"

"Iko sawa kabisa."

Mkewe akapumua, akambusu kwenye upara, akaenda kumpigia simu Mwalimu Mkuu. Alikuwa anaimba tena.

Msimwone shetani. Shetani huwa hajitetei, na Bwana Ratiba alijitetea usiku kucha kitandani. Alijiambia mambo hayataharibika. Ataacha yaende mrama kidogo tu, kwa saa moja, mkaguzi akunje uso, walimu washike tama. Kisha yeye atainuka polepole, mkono mkobani, atoe ratiba ya kweli. Shule itafunguliwa. Watoto watafanya mtihani wao. Na mkewe atamtazama kwa macho yale yaliyojikunja pembeni. Nani ameumia hapo?

Alhamisi alijifungia stoo ya vitabu, akatoa daftari la nyumba, akaandika kutwa. Nyumba mia mbili na arobaini, moja baada ya nyingine, za mtoni kwa kijani, za reli kwa nyekundu. Alivuta mistari kwa rula. Alipokosea herufi alifuta, akapuliza vumbi la kifutio, akaandika upya. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na alipomaliza aliikunja mara nne akaizika ndani ya mkoba, chini ya kofia.

Ijumaa, madarasa mawili tu ndiyo yaliyoitwa kwa majaribio: la kwanza asubuhi, la saba mchana. Mkaguzi alifika saa moja, mwanamke mwembamba mwenye miwani na ubao mdogo wa kuandikia. Saa moja na nusu wadogo waliingia kwa mstari, mmoja mmoja, wakinawa mikono na kuhesabu mpaka ishirini kwa sauti kama walivyofundishwa. Bwana Afya akawapima joto. Mkaguzi akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika. Mkewe hakuimba, lakini ilionekana kwamba moyoni anaimba.

Saa mbili na nusu mlinzi alikuja kusema kuna wanafunzi wa darasa la saba wamekaa ukutani kwa nje.

"Zamu yao ni saa saba," alisema mwalimu wa darasa la kwanza.

"Nimewaambia. Wanasema wamewaleta wadogo zao. Na kwao mbali."

Saa tatu walikuwa hamsini. Saa nne walikuwa wameingia uwanjani kwa sababu ya jua, wamebanana kwenye kivuli cha jengo, barakoa ziko kidevuni, wengine wamewaleta hata wale wa katikati, wa darasa la tatu na la tano, ambao nyumbani wasingebaki na mtu. Saa tano na nusu wadogo walitoka darasani kwa mstari wao mzuri, wakatazama getini. Wazazi waliofika walikuwa wanne. Mstari ukakatika. Kila mtoto akamkimbilia dada yake, na uwanja ukawa kama soko siku ya mnada.

Mkaguzi alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Mwalimu Mkuu, hii ndiyo shule yenye madarasa mawili. Jumatatu mtakuwa na saba. Siwezi kupitisha."

Walikuwa wamesimama kwenye baraza ya ofisi, watu watano. Mwalimu Mkuu alimgeukia Bwana Ratiba, na katika sauti yake ndogo mlikuwa na ukali. "Bwana Ratiba, mimi nilihamia baadaye, lakini wewe ulikuwepo mwaka wa paa. Uliuona mpango huu?"

Hakuwahi kufungua mdomo. Mkewe alimtangulia.

"Hakuuona," alisema. "Alitaka, mimi nikakataa kumwonyesha. Nilitaka iwe kazi yangu mwenyewe. Kosa ni langu, Mwalimu Mkuu, msimlaumu."

Aliyasema hayo macho makavu, akimtazama Mwalimu Mkuu, wala hakumtupia mumewe jicho. Bwana Ratiba alihisi masikio yake yanawaka moto. Alijua kusema uongo mwenyewe, tena Jumatano tu alisema uongo wa maneno mawili. Lakini hakuwahi kusemewa uongo na mkewe mbele ya watu, na haukumkaa vizuri.

"Naondoka saa nane," alisema mkaguzi. "Kama mna kitu kingine cha kunionyesha kabla ya hapo, nitakisoma. Kama hamna, tuonane mwezi ujao."

Wakaingia ofisini. Mkewe aliomba karatasi, akaanza kuandika, akasimama. "Ni kugawa kwa nyumba," alisema, kama anayejisemea. Hakuna aliyemwambia, aliliona mwenyewe, kwa kuutazama uwanja robo saa. "Ndugu waje pamoja. Lakini hatuna orodha. Nani ndugu ya nani? Itabidi niwapigie simu wote upya. Hiyo ni wiki tatu."

Mkoba ulikuwa miguuni pa Bwana Ratiba. Hii ndiyo saa aliyoiota, tena imekuja nzuri kuliko ndotoni, na mkono wake hautaki kuinuka. Maana orodha ya nyumba mia mbili na arobaini haiandikwi kwa nusu saa. Akiitoa, kila mtu atajua kwamba alijua. Asipoitoa, atatoka hapo safi, mume aliyenyimwa kuona, na mkewe amekwisha kumpa ushahidi. Nje dirishani watoto wa darasa la saba walikuwa wakiwafunga wadogo zao kamba za viatu tayari kwa safari. Aliwatazama. Kusema kweli, hata hao hawakumwinua mkono.

Aliyemwinua ni Bwana Afya. Alivuta kiti, akakiweka karibu na mwalimu wa darasa la kwanza, akakunja mikono ya shati. "Mwalimu, usivunjike moyo," alisema. "Mimi na wewe tutazunguka nyumba kwa nyumba. Hata kama ni mwezi mzima, nitakuwa na wewe."

"Asante, kaka," akasema mkewe, akamsogezea karatasi.

Bwana Ratiba alishtukia kofia yake iko sakafuni na karatasi iko mezani, imekunjuliwa, mikono yake miwili imeibana pembe. "Hakuna haja ya kuzunguka," alisema. "Nyumba zote ziko hapa."

Mkaguzi alisoma kwa dakika ishirini. Aliuliza maswali matatu, akajibiwa matatu. Kisha akapiga mhuri. "Jumatatu mfungue," alisema. "Hii nitawaonyesha shule nyingine. Nani ameifanya?"

"Bwana Ratiba!" alisema Mwalimu Mkuu, na machozi yalimlengalenga. "Mnaona? Nilisahau nina mtu wa namna gani." Bwana Afya alipiga makofi kwa roho safi kabisa, jambo lililoudhi. Hakuna aliyeuliza iliandikwa lini. Watu wakishapata walichotaka hawana muda wa kuhesabu siku. Walimwita shujaa, wakampa chai, na ya kwanza kumiminwa ilikuwa yake.

Mkewe ndiye pekee aliyekuwa bado anaisoma. Alipita na kidole safu kwa safu, kijani kisha nyekundu, bila haraka. Mahali pamoja alirudisha kidole nyuma, pale palipofutwa na kuandikwa upya. Kisha akaikunja mara nne kwa mikunjo ileile, akamrudishia, akaenda kuwapanga watoto warudi kwao.

Walirudi nyumbani kwa miguu, kila mtu upande wake wa barabara ndogo, kama watu wanaotii masharti ya afya. Bwana Ratiba alingoja atukanwe. Alikuwa tayari, alishaandaa majibu mawili, moja la ukali na moja la kuomba radhi. Matusi hayakuja. Walipofika mlangoni mkewe alitafuta ufunguo kwenye mkoba muda mrefu, na alipoupata hakuutia kwenye kitasa.

"Jana kutwa ulijifungia stoo. Uliiandika jana," alisema.

"Jana."

"Baada ya mimi kukuonyesha yangu."

Majibu mawili yakamkimbia yote. "Baada," alisema. Halafu akaongeza, "Umenisitiri leo mbele yao. Sijui kwa nini umenisitiri."

Mkewe alimtazama, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakuwa na haraka ya kwenda popote.

"Nilipoona wale watoto uwanjani, nilijua ulipaswa kuliona lile kosa. Miaka kumi na mbili unafanya kazi hiyo. Nikajiuliza, imekuwaje mume wangu akatazama karatasi nzima asione? Nikasema basi amechoka. Miezi saba ya kukaa bure imemmaliza, kazi inamtoka mikononi na mwenyewe hajui. Nikaogopa wasije wakalijua wakamcheka. Nikaona heri wanicheke mimi." Akatia ufunguo. "Nilikuwa nakuonea huruma, Baba. Kumbe uliona."

Akaingia ndani. Mlango aliuacha wazi, kama kila siku.